Saikolojia tiba ilianza na mtoto aliyeshindwa tahajia

Swali: Mimi ni mwalimu wa darasa la nne, na jioni ninasomea unasihi. Mhadhiri alituambia kwamba baba wa saikolojia tiba ni Sigmund Freud. Mwanafunzi mwenzangu akabisha: eti ilianza Marekani kwa sababu ya mtoto wa shule aliyeshindwa kuandika maneno. Nani yuko sahihi? Na hao wa mwanzo walikuwa wakimfanyia nini hasa mtu aliyeletwa kwao? Kuna chochote humo cha kumsaidia mwalimu?

Jibu: Mwalimu, mwenzako yuko sahihi, ingawa kosa la mhadhiri ni la kawaida sana. Watu wengi huchanganya mambo matatu: hospitali za wagonjwa wa akili, tiba ya mazungumzo ya Freud, na saikolojia tiba yenyewe. Kila moja lilizaliwa mahali pake, mikononi mwa watu wa fani tofauti, na yalikuja kukutana baada ya nusu karne hivi.

Hospitali ndizo kongwe. Mwishoni mwa karne ya 18 kulitokea mageuzi mawili yanayokumbukwa. Jijini Paris, Jean-Baptiste Pussin, msimamizi wa wagonjwa katika hospitali ya Bicêtre, aliwafungua wagonjwa minyororo, na daktari Philippe Pinel akaendeleza kazi hiyo katika hospitali ya Salpêtrière. Sifa zote zilimwendea Pinel, jambo lisilo la haki kwa Pussin. Nchini Uingereza, mfanyabiashara William Tuke na wenzake wa dhehebu la Kikristo la Waquaker walifungua nyumba ya York Retreat mwaka 1796, baada ya muumini mwenzao kufariki katika hospitali ya vichaa ya mji huo. Pale York, mgonjwa alipewa kazi, chakula kizuri, matembezi na heshima. Utaratibu huo uliwafaa wagonjwa wachache ndani ya nyumba ndogo. Ulipohamishiwa kwenye majengo yenye wagonjwa mamia kwa mamia na wahudumu wa kuhesabika, ulivunjika, na kufikia mwaka 1890 hospitali nyingi za Ulaya na Marekani zilikuwa mahali pa kuwaweka watu tu. Wanasaikolojia hawakuwa na nafasi humo.

Freud alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu jijini Vienna. Mwaka 1895 alichapisha pamoja na Josef Breuer kitabu kuhusu histeria, na mwaka 1896 neno saikoanalisia, jina la tiba yake ya mazungumzo, likaonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi yake. Lakini nchini Marekani tiba hiyo ilishikwa na madaktari, nao wakaufunga mlango kwa yeyote asiye na shahada ya udaktari. Kwa hiyo saikolojia tiba kama fani haikutoka kwake, hata kama baadaye ilikopa mengi kutoka kwake.

Mwaka huohuo wa 1896, mwezi Machi, ndipo lilipotokea jambo alilokusimulia mwenzako. Mahali ni Philadelphia, katika maabara ya saikolojia ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mkuu wa maabara alikuwa Lightner Witmer, kijana ambaye hajatimiza miaka 29, aliyepata shahada ya uzamivu mwaka 1892 kwa Wilhelm Wundt mjini Leipzig, Ujerumani. Huko Leipzig saikolojia ilikuwa sayansi ya vipimo: mtu huona taa au husikia mlio, hubonyeza kitufe, na muda hupimwa kwa sehemu za sekunde. Hakuna aliyekuja pale kutibiwa.

Miongoni mwa wanafunzi wa Witmer alikuwamo mwalimu wa shule ya umma, Margaret Maguire. Alikuwa na mvulana wa miaka 14 darasani, ambaye katika maandishi ya baadaye alipewa jina la kumsitiri, Charles Gilman. Mtoto huyu alizungumza vizuri na alikuwa na akili ya kutosha katika masomo mengine, lakini tahajia ilimshinda kabisa. Alipoona neno la Kiingereza lenye herufi w-a-s, alilisoma kuanzia nyuma: s-a-w. Maguire alimleta kwa profesa wake, na Witmer akaona kwamba kama saikolojia ina thamani yoyote, lazima iwe na la kumfaa mtoto wa namna hii. Shida ni kwamba hapakuwa na kitabu hata kimoja cha kumwelekeza. Ilibidi abuni njia mwenyewe.

Hapo ndipo penye moyo wa jibu langu, kwa sababu fani nzima imekaa katika mpangilio wa kile alichokifanya.

Hakuanza na akili, alianza na macho. Katika uchunguzi iligundulika kwamba mtoto akitazama chini ya kiwango fulani huona vitu viwili viwili. Fikiria maana yake kwa msomaji: kitabu huwekwa mezani, chini ya macho, mahali palepale ambapo kila herufi inakuwa mbili. Akitazama mbele, kwa mfano anapozungumza na mwalimu, haoni tatizo lolote, ndiyo maana hakuna aliyeshuku macho yake. Na yeye mwenyewe hakulalamika. Mtoto aliyezaliwa akiona hivyo hajui kwamba wengine wanaona tofauti. Alipatiwa miwani.

Miwani ilisaidia lakini haikumaliza kazi, na hili husahaulika na wasimulizi wengi. Miaka yote ya kuona maandishi yaliyovurugika ilikuwa imemnyima akiba ya sura za maneno kichwani. Msomaji wa kawaida hulitambua neno zima kwa kulitupia jicho. Huyu alilazimika kulijenga herufi moja baada ya nyingine, kila mara upya. Witmer aliuita upungufu huo usahaulifu wa maneno yanayoonekana. Kwa hiyo, baada ya miwani yalikuja mafunzo ya kumfundisha alitambue neno kwa ujumla wake bila kulitaja herufi kwa herufi kwanza. Yalikuwa mafunzo ya kurudiarudia, ya muda mrefu, na mvulana akaweza kusoma.

Angalia, Mwalimu, kwamba tatizo lilikuwa na tabaka mbili. Aliyeishia kwenye macho angesema mtoto amepona, kisha angemlaumu kwa uvivu akiendelea kufeli. Aliyeanza na mafunzo bila macho angemchosha bure.

Desemba 1896 Witmer aliwaeleza wenzake wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani habari za kliniki aliyoianzisha katika maabara hiyo. Haikuwashtua wengi. Miaka kumi ilipita kazi ikienda polepole, hadi mwaka 1907 alipoanzisha jarida The Psychological Clinic, na katika toleo la kwanza akaandika makala iliyoipa fani jina lake la Kiingereza, clinical psychology, yaani saikolojia ya kliniki. Neno kliniki alilikopa kwa madaktari kwa makusudi: alitaka kueleza kwamba elimu inapatikana kwa kumchunguza mtu mmoja aliye mbele yako, na kwamba kumchunguza na kumsaidia ni kazi moja.

Kliniki ilipopata fedha na watumishi, utaratibu ulikuwa hivi. Mtoto, ambaye mara nyingi ameletwa na shule, kwanza huonwa na daktari: macho, masikio, pua na koo, lishe, meno. Nyama za nyuma ya pua zilizovimba zilitafutwa sana enzi hizo, na kwa sababu ya msingi: mtoto anayepumulia mdomo hulala vibaya, masikio yake huziba, na darasani huonekana mzito. Ofisa ustawi wa jamii hutembelea nyumbani kuona mtoto analala wapi na anakula nini. Ndipo mwanasaikolojia humchukua.

Kifaa kimoja kilichotumika sana kilikuwa ubao wa maumbo: ubao wenye mashimo ya duara, mraba, pembetatu, nyota na mengineyo, na vipande vya mbao vya kuyajaza. Mtoto huondolewa vipande na kuambiwa avirudishe. Muda hupimwa, lakini Witmer aliwafundisha watu wake waangalie zaidi ya saa. Je, mtoto hulazimisha pembetatu ndani ya shimo la mraba mara tatu, au hujifunza kwa kosa la kwanza? Hutumia jicho kabla ya mkono, au mkono kabla ya jicho? Tofauti kati ya jaribio la kwanza na la pili ilimwambia mchunguzi mengi kuliko muda wenyewe, kwa kuwa ilionyesha kama mtoto anafundishika. Hatua ya mwisho ilikuwa kumfundisha kwa majaribio: unampa somo, unaona linakwama wapi, unabadili njia, unaona tena. Hukumu juu ya uwezo wa mtoto ilitolewa baada ya kumfundisha.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kitu bora alichokiacha. Udhaifu wake ulikuwa kwamba aliripoti mtoto mmoja mmoja, bila kundi la kulinganisha, kwa hiyo asiyeamini hakuwa na cha kumlazimisha aamini. Pia aligombana hadharani na wakubwa wa fani, akiwamo William James, na ugomvi ulimpunguzia wafuasi. Jarida lake lilikufa mwaka 1935.

Kilichomfunika zaidi lakini ni kipimo cha akili. Alfred Binet na Théodore Simon walikitoa Paris mwaka 1905, kikiwa na maswali na kazi 30 zilizopangwa kuanzia rahisi. Ya kwanza ilikuwa kufuata kwa macho kiberiti kinachowaka; ya mwisho ilidai kueleza tofauti kati ya maneno ya dhana, kama huzuni na uchovu wa kukosa la kufanya. Mwaka 1908 walizipanga upya kwa umri, na hapo likaja wazo la umri wa akili, yaani umri ambao watoto wa kawaida huziweza kazi alizoziweza mtoto anayepimwa. Lengo lilikuwa jema na finyu: kuwatambua watoto wanaohitaji madarasa ya msaada. Binet alionya kwamba matokeo hayasemi mtoto atakuwa nani kesho. Alifariki mwaka 1911, na wengine wakaendelea bila onyo lake.

Mjerumani William Stern alipendekeza mwaka 1912 umri wa akili ugawanywe kwa umri wa miaka. Lewis Terman wa Stanford, mwaka 1916, akazidisha mara 100, na hiyo ndiyo IQ, yaani namba ya kiwango cha akili, ya wakati huo. Mtoto wa miaka 8 mwenye umri wa akili wa miaka 6 anapata 75. Mtoto wa miaka 12 mwenye umri wa akili wa miaka 10 anapata 83. Wote wamebaki nyuma miaka miwili, lakini kwa mdogo pengo ni kubwa zaidi, na hesabu hiyo inalionyesha. Kwa mtoto ina mantiki. Kwa mtu mzima inaharibika, kwani umri wa miaka huendelea kupanda wakati alama za kipimo zimesimama. Ndiyo sababu David Wechsler, katika kipimo chake cha watu wazima cha mwaka 1939, aliiacha na badala yake akamlinganisha mtu na wa rika lake.

Madhara makubwa yalitoka mikononi mwa Henry Goddard, aliyekitafsiri kipimo cha Binet katika shule ya Vineland, New Jersey. Mwaka 1913 wasaidizi wake waliwapima wahamiaji waliokuwa wakishuka meli kwenye kisiwa cha Ellis, New York. Alipochapisha matokeo mwaka 1917, alidai asilimia 83 ya Wayahudi, 80 ya Wahungari, 79 ya Waitaliano na 87 ya Warusi waliopimwa walikuwa na upungufu wa akili. Tazama idadi: Wayahudi 35, Wahungari 22, Waitaliano 50, Warusi 45. Watu hao walikuwa wametoka safari ndefu ya baharini, wengi hawakuwahi kushika kalamu, na waliulizwa na watu wasiowajua, kupitia mkalimani, bila wao kuelewa watu hao walitaka nini. Hakuna aliyepima macho wala masikio yao, wala kuwafundisha chochote kabla ya kuwahukumu.

Kosa hilohilo lilirudiwa jeshini. Mwaka 1917 na 1918 askari wapatao milioni 1.7 wa Marekani walipimwa kwa makundi, na kwa wasiojua kusoma kukawa na kipimo cha picha. Picha moja ilionyesha uwanja wa tenisi usio na wavu, na askari alitakiwa kuchora kilichokosekana. Kijana wa shambani ambaye hajawahi kuona tenisi alikosa alama, na kosa hilo likaandikwa kuwa ni la akili yake.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mwanasaikolojia wa kliniki akawa mpimaji. Tiba ilibaki kwa madaktari, yeye aliandaa ripoti ya vipimo tu. Hata hivyo mwaka 1924 ilichapishwa kazi moja ambayo ingebadili mambo kama wangeitilia maanani. Mary Cover Jones, jijini New York, alimtibu Peter, mtoto wa karibu miaka mitatu aliyeogopa sungura. Peter aliketishwa kwenye kiti akila kitu anachokipenda, na sungura akaletwa ndani ya kizimba, mbali kiasi kwamba mtoto anamwona lakini anaendelea kula. Kila siku kizimba kilisogezwa kidogo. Jones aliandika ngazi yote: sungura akivumiliwa kwenye umbali wa kama mita 3.7, kisha mita 1.2, kisha karibu kabisa, kisha akiwa huru chumbani, hadi mwisho Peter alipomwacha amng'ate ng'ate vidole. Katikati mtoto aliugua, akalazwa kwa miezi miwili, na mbwa mkubwa akamrukia; hofu ikarudi yote na kazi ikaanza upya. Jones alionya pia juu ya hatari yenyewe ya njia hii: ukimsogeza sungura haraka mno, badala ya chakula kuiondoa hofu, hofu hukishika chakula, na mtoto hukikataa. Unafuata kasi ya mtoto. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1950, Joseph Wolpe wa Afrika Kusini alipojenga tiba ya watu wazima juu ya msingi wa aina hii.

Kilichowaingiza wanasaikolojia kwenye tiba kwa wingi ni Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1946, kati ya wagonjwa kama 74,000 katika hospitali za maveterani (wanajeshi wa zamani) nchini Marekani, wapatao 44,000 walikuwa na matatizo ya akili na mishipa ya fahamu, na madaktari bingwa hawakutosha. Serikali ikalipia mafunzo. David Shakow, aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Worcester, Massachusetts, alipendekeza mwaka 1947 mafunzo ya miaka minne, mwaka wa tatu mwanafunzi aishi kazini hospitali. Mkutano wa Boulder, Colorado, mwaka 1949 ukaupitisha mfumo huo: mwanasaikolojia tiba awe mtafiti na mtoa tiba kwa pamoja. Kuanzia hapo fani ikapata sura unayoifahamu wewe.

Kwetu Afrika Mashariki hospitali zilitangulia na saikolojia ikachelewa sana. Lutindi, kwenye milima ya Usambara, ilipokea wagonjwa wa akili tangu mwanzo wa karne ya 20 chini ya wamisionari wa Kijerumani. Mathari ya Nairobi ilianza mwaka 1910. Mirembe ya Dodoma mwaka 1927. Na kosa la kisiwa cha Ellis lilitufikia. Katika miaka ya 1930 daktari H. L. Gordon wa Mathari alitangaza kwamba ubongo wa Mwafrika ni duni, na mwaka 1953 J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali hiyohiyo tangu 1938 hadi 1950, alichapishiwa na Shirika la Afya Duniani kitabu chenye madai kwamba Mwafrika hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo. Wagonjwa waliofungiwa hospitalini walichukuliwa kuwa mfano wa bara zima. Ni vizuri mwanasihi wa leo ajue hivyo, kwa sababu baadhi ya vipimo tunavyopokea bado vina picha za vitu ambavyo mtoto wa Tandahimba au Turkana hajawahi kuviona.

Sasa darasani kwako. Mtoto mwenye akili ya kuzungumza lakini anaanguka kwenye imla usianze kumwita mzito. Bandika chati ya herufi mita 6 mbele yake, pima jicho moja moja, lakini usiishie hapo: mwangalie akisoma kitabu mezani. Je, hufunga jicho moja, huinamisha kichwa upande, huinua kitabu usawa wa uso? Yule mtoto wa Philadelphia angeweza kufaulu chati ya ukutani, maana tatizo lake lilikuwa chini. Kisha masikio: simama nyuma yake umbali wa mkono, nong'ona maneno mepesi, naye ayarudie, sikio moja likiwa limezibwa.

Baada ya hapo chukua daftari zake na upange makosa. Anayeandika "karamu" badala ya "kalamu" siku zote anaandika anavyotamka. Hiyo ni lugha ya nyumbani, na hutibiwa kwa mazoezi ya matamshi. Anayegeuza b na d katika darasa la nne, au anayeandika neno lilelile kwa namna tatu ndani ya ukurasa mmoja, ana shida nyingine: sura ya neno haijakaa kichwani. Huyo mchagulie maneno matano, mfundishe peke yake dakika 15 kwa kulitazama neno zima, kulifunika na kuliandika, kisha mpime palepale, kesho yake, na baada ya wiki. Andika kila matokeo na tarehe yake. Akishika siku hiyohiyo na kupoteza kesho yake, tatizo ni kuhifadhi. Asiposhika hata siku hiyo, badili njia: fuatisha herufi kwa kidole, tumia sauti, punguza maneno yawe mawili.

Ukiona hakuna mabadiliko baada ya wiki kadhaa, mpeleke hospitali ya wilaya akiwa na karatasi hizo, makosa yake yakiwa kwa mwandiko wake mwenyewe.